Nani Anamchorea Mwanao?

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, tokea Lamu na Mombasa hata Tanga, Pemba, Unguja na Kilwa, kuna mwalimu anayeingia kila siku bila ya kupiga hodi. Hakuna aliyemwuliza jina lake, wala atokako, wala ni nani amlipaye mshahara. Mama yuko jikoni, baba yuko kazini au barazani, na mwalimu huyo amekaa mbele ya watoto saa mbili, saa tatu, anawasemesha, anawaimbia na kuwachekesha. Nao wamemnyamazia kimya kuliko wanavyomnyamazia mwalimu wa chuoni. Mwalimu huyo ni katuni.

Maneno tunayoyasema juu ya mwalimu huyu ni ya namna mbili, na zote mbili ni kosa. Wa kwanza husema: "Huo ni mchezo wa watoto tu, waache watulie nipate kupika." Wa pili husema: "Katuni ni upuuzi wa Wazungu, zinawaharibu watoto wetu," kisha jioni ikifika huzifungulia kwa mkono wake mwenyewe. Wa kwanza hakufikiri. Wa pili amefikiri, lakini fikira yake haikumfanyisha kitu. Mimi nataka tuulizane swali la tatu, ambalo wote wawili wamelikimbia: hizo katuni anazichora nani, na kwa nini si sisi?

Ili tulijibu swali hili vizuri, yatupasa tuondoke pwani kidogo, twende bara mpaka Bariadi. Usistaajabu, msomaji wangu, ukasema, "Bariadi na katuni wapi na wapi?" Nifuate taratibu, utaona.

PAMBA NA MIZANI

Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa Shinyanga na Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya Wasukuma, ya ng'ombe na pamba, nayo kwa upande wa mashariki imepakana na mbuga ya Serengeti. Ukiitaja pamba Tanzania, umeitaja Simiyu.

Sasa tazama safari ya pamba ile. Mkulima huilima, huipalilia na kuichuma kwa mkono. Ikishatolewa mbegu kiwandani hufungwa marobota, na sehemu yake kubwa hushuka pwani, ikapita mbele ya macho yetu bandarini, ikenda nchi za watu. Huko husokotwa, hufumwa, hutiwa rangi na maua, kisha hurejea kwetu imekuwa nguo, nasi tukainunua kwa bei ya nguo. Mkulima alilipwa bei ya pamba. Tofauti iliyo baina ya bei ya pamba na bei ya nguo ndiyo mali, na mali hiyo imebaki kwa aliyefuma.

Lakini Wasukuma wana sifa moja ambayo sisi wa pwani tungefaa kuijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakukaa kulaani tu. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wao waliosimama kando ya mizani wakahakikisha uzito wa kila mzigo. Mmoja katika viongozi wao alikuwa kijana Paul Bomani, aliyekuja kuwa waziri baada ya uhuru. Mwaka 1955 wakaunganisha vyama vyao chini ya chama kikuu kilichoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, kikawa ni kimojawapo cha vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika, na wakafikia kumiliki viwanda vyao wenyewe vya kuchambulia pamba. Ni kweli kwamba mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na vilipokuja kurejeshwa nguvu ile ya kwanza haikurudi. Hilo nalo ni somo: mizani ukishaipata, usilale.

Basi, ndugu msomaji, shika mambo mawili kutoka Bariadi, maana nitayarudia: mizani na kinu. Mizani ni kujua haki yako na kuisimamia. Kinu ni chombo chako mwenyewe cha kuigeuza mali ghafi ikawa bidhaa. Mwenye pamba asiye na mizani hupunjwa. Na mwenye mizani asiye na kinu hulipwa haki yake, lakini ni haki ya pamba, si ya nguo.

HADITHI NAZO NI PAMBA

Usukuma hauna pamba ya shambani peke yake. Una hadithi. Mashuhuri miongoni mwao ni ile ya Masala Kulangwa, mtoto mwerevu. Dude kubwa liitwalo Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yao, asibaki ila mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika makapi. Akazaa mtoto wa kiume, na mtoto alipopata akili akauliza: watu wako wapi? Akaambiwa wamemezwa. Akatoka kulitafuta hilo dude, akamleta panzi, akamwuliza mama yake, "Ndiye huyu?" Mama akasema siye. Akaleta ndege, akaleta mnyama. Kila mara siye. Hata siku moja akakutana na Shing'weng'we mwenyewe, akamwua, akampasua tumbo, na watu wakatoka wazima.

Nakuuliza, katika hadithi hiyo kumepungua nini hata isifae kuwa filamu ya watoto? Ina hofu, ina ushujaa, ina kichekesho cha panzi, ina mtoto anayeuliza asichoke. Na sisi wa pwani tuna "Paukwa! Pakawa!", tuna Abunuwasi, tuna Sungura na majini wa visimani. Pamba tunayo, tena nyingi.

Na mkono wa kuchora je? Hata huo ulikuwako. Katika Usukuma kulikuwa na chama cha wacheza nyoka, Bayeye, waliochora kuta za ndani za nyumba zao za mafunzo: nyoka, watu, nyota na wanyama. Itikadi zao si hoja yetu hapa. Hoja yetu ni mkono uliochora. Nani aliyezikusanya picha hizo akazitia kitabuni? Ni Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni mzaliwa wa Austria, na kitabu chake kilitolewa London mwaka 1953. Marobota yakapita bandarini, nasi tukatazama.

SIMBA, NYUMBU NA MANENO YETU

Kama unadhani natia chumvi, utazame mfano ambao mwanao anaujua kwa moyo. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya *The Lion King*. Wahusika wake walichorwa kwa mkono, lakini pale nyumbu wanapokimbia kwa maelfu bondeni, kompyuta ndiyo iliyotumika, kwa kuwa mkono wa binadamu ungechoka kuchora kwato zote zile. Ni kazi ya ustadi, hatuikanushi. Lakini majina ni ya nani? Simba ni Kiswahili, Rafiki ni Kiswahili, Pumbaa ni Kiswahili. Nyumbu wenyewe ni wale wale wapitao Serengeti, majirani wa Bariadi. Na maneno "hakuna matata" hayakutoka California.

Mwaka 2003 maneno hayo mawili yalisajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni hiyo kwa ajili ya nguo. Mwaka 2018 watu wengi wakatia saini kulalamika. Wanasheria wakajibu kuwa usajili ule haumzuii mtu kuyasema maneno hayo mdomoni. Na kwa sheria ni kweli. Lakini hebu tuwe na insafu na nafsi zetu: wao waliandika, sisi tulisema tu. Mwenye kuandika alikuwa na mizani, na mwenye kusema hakuwa nayo. Tulipoamka tulikuwa tunalia juu ya robota lililokwisha kuvuka bahari.

MKONO WA TINGATINGA

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania, mwaka 1932. Alikuja Dar es Salaam kutafuta riziki kama wengi wanavyokuja, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Picha zake zilipendwa na wageni, akawafundisha jamaa zake na vijana wengine. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu, lakini mtindo wake umebaki na umeitwa kwa jina lake, na mwaka 1990 wanafunzi wake na warithi wa kazi yake wakaunda ushirika wao Dar es Salaam.

Mwaka 2010 watoto wa Uingereza wakaanza kuona katika televisheni ya BBC katuni iitwayo *Tinga Tinga Tales*. Ilibuniwa na Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya London, na ikatengenezwa katika studio ya Homeboyz mjini Nairobi. Ni vipindi 52, kila kimoja dakika 11, vikieleza kwa nini tembo ana mkonga na kwa nini kiboko hana nywele. Sura za wanyama zilifuata mtindo wa Tingatinga, madoa kwa madoa. Kisha kompyuta ikazitia roho ya mwendo.

Hapa nataka nikueleze kazi hii inavyofanywa, maana wengi hudhani kompyuta hubonyezwa kifungo ikatema filamu. Televisheni yetu huonyesha picha 25 kwa kila sekunde. Kipindi cha dakika 11 basi kina picha 16,500. Zamani mchoraji alizichora kwa mkono; na hata akiitumia kila picha mara mbili ili apumzike, bado alihitaji michoro 8,250 kwa kipindi kimoja kifupi. Ndiyo sababu kazi hiyo ilikuwa ya makampuni makubwa yenye mamia ya wachoraji. Kompyuta imekuja na njia nyingine: mchoraji humchora mnyama mara moja kwa ustadi wake wote, kisha mnyama hugawanywa viungo vyake, kichwa mbali, mguu mbali, jicho mbali, mkia mbali, na fundi huviunga na kuvitembeza katika kompyuta kama mtoto anavyomchezesha mwanasesere wa karatasi. Mkono umeleta uzuri, na kompyuta imebeba mzigo. Kwa njia hii watu wachache katika chumba kimoja waweza kufanya kazi iliyohitaji mamia.

Sasa tuseme haki. Vijana wa Nairobi walioifanya kazi ile waliifanya vizuri, wakapata mshahara na ujuzi, na mwanamuziki Eric Wainaina wa Kenya aliipigia muziki. Simtuhumu mtu yeyote kwa wizi. Ninalosema ni hili: mtindo ulizaliwa Dar es Salaam, mikono iliyotembeza ilikuwa ya Nairobi, hadithi zilikuwa za Afrika, lakini aliyebuni mpango, na lugha iliyosemwa kwanza, vyote viwili vilitoka London. Mtoto wa Tunduru, mahali alipozaliwa Tingatinga, angetaka kuisikia katuni yenye jina la mtu wa kwao, angeikuta imesemwa kwanza kwa Kiingereza. Pamba yetu, kinu cha jirani, nguo ya mwingine.

NYUMBA NDOGO YA DAR ES SALAAM

Usikate tamaa, msomaji. Mwaka 2013 watu watano walianzisha Dar es Salaam studio ndogo waliyoiita Ubongo. Nao ni Nisha Ligon, aliyetoka Marekani, pamoja na Cleng'a Ng'atigwa, Tom Ng'atigwa, Rajab Semtawa na Arnold Minde. Hawakuwa na majengo ya Disney wala fedha za London. Walikuwa na wachoraji, kompyuta, wimbo, na jambo moja ambalo wakubwa hawakuwa nalo: waliamua kumsemesha mtoto wa Kitanzania kwa Kiswahili, juu ya hesabu na sayansi, mambo yale yale yanayomwangusha shuleni.

Januari 2014 kipindi chao cha *Ubongo Kids* kikaanza kuonyeshwa katika televisheni ya taifa, TBC. Watoto wa katuni hiyo, Kibena, Koba, Kiduchu, Amani na Baraka, wana shida za kawaida, na kila shida hutatuliwa kwa hesabu au kwa kufikiri. Mtoto aliye nyumbani aliweza kulijibu swali kwa ujumbe wa simu ndogo ya kawaida, ile ile aliyonayo mkulima. Baadaye wakatoa *Akili and Me* kwa wadogo wasiofika shule. Akili ni mtoto wa kike wa miaka minne aishiye na wazee wake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala huingia katika nchi ya ndoto, akajifunza na wanyama herufi, namba na maumbo.

Je, ina faida, au ni kelele nyingine? Mtafiti Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenziwe waliwapima watoto wa Morogoro kwa majuma kadhaa, baadhi wakiitazama katuni hiyo na baadhi wakitazama vipindi vingine. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2018, waliomtazama Akili waliwapita wenzao katika kuhesabu, kuzitambua namba, kuyajua maumbo, na hata katika kuchora. Zingatia neno hilo la mwisho. Katuni iliyochorwa nyumbani imemfundisha mtoto naye kuchora. Kutoka hapo kazi za studio ile zimetiwa lugha nyingine, Kinyarwanda, Kihausa, Kifaransa na nyinginezo, zikaenda nchi nyingi za Afrika. Mara hii bidhaa ndiyo iliyosafiri ikiwa nguo, si pamba.

Na hapa ndipo Bariadi inaporudi. Watoto wengi wa vijiji vya Simiyu huanza kusema Kisukuma. Kiswahili huja kukisomea shule. Mtoto huyo akimsikia Akili anahesabu kwa Kiswahili, amepata namba na lugha kwa mara moja. Na wewe, msomaji wa pwani, ambaye Kiswahili ni cha mama yako na bibi yako, mwanao anatazama nini? Anatazama katuni za Kiingereza na za Kihindi, anazijua nyimbo zake zote, na ukimwambia "funga kizibo" anauliza kizibo ni nini. Msukuma anajifunza Kiswahili kwa katuni, na Mswahili anakisahau kwa katuni. Je, hili si la kutuonea haya?

HOJA ZA WANAOPINGA

Najua yatakayosemwa, na si vibaya tuyajibu moja baada ya jingine.

Wa kwanza atasema: "Mambo ya picha yana khitilafu kwa wanavyuoni, na salama ni kujitenga nayo." Khitilafu hiyo ipo, na kuihukumu ni kazi ya masheikh, si kazi ya ukurasa huu. Mwenye nyumba isiyo na televisheni wala simu ya picha, maneno yangu hayamhusu, na msimamo wake una heshima yake. Lakini aliyekwisha kuileta televisheni sebuleni na kuiwasha, huyo amekwisha kujibu kwa kitendo chake. Hawezi kuikubali picha ichorwayo na mgeni, kisha akaikataa ichorwayo na jirani yake. Kama ni shari, basi ni shari zote mbili. Na kama zaruhusiwa, mwenye haki ya kwanza ya kumsemesha mwanao ni aliye karibu nawe.

Wa pili atasema: "Hiyo Ubongo nayo inaendeshwa kwa fedha za wafadhili, basi tofauti iko wapi?" Hili ni neno la haki. Ni kweli kuwa studio hiyo si ya kutafuta faida, na misaada ni nguzo yake kubwa. Lakini kwa nini imekuwa hivyo? Ni kwa sababu sisi watazamaji hatutoi. Twatoa kwa mwezi fedha za king'amuzi, twatoa za vifurushi vya simu, twatoa za zulia na sahani za harusi. Hatujapata kutoa hata ya chai kwa aliyemfundisha mtoto kuhesabu. Mfadhili ni mgeni, na mgeni siku moja huaga. Akiaga, ni nani atakayewasha taa ya chumba kile? Anayelaumu kuwa nyumba imejengwa kwa fedha za wengine, na yeye hakuleta hata tofali, lawama yake imemrudia mwenyewe.

Wa tatu, naye ni kijana wa leo, atasema: "Mambo hayo yamepitwa. Sasa kuna programu za kompyuta zinazochora zenyewe. Mchoraji wa nini?" Kijana, sikiliza. Programu hizo hazichori kutoka hewani. Zimelishwa mamilioni ya picha zilizochorwa na watu, nazo hutapika kwa kadiri zilivyolishwa. Mwambie mtambo huo akuchoree Shing'weng'we wa Usukuma au mlango wa Lamu. Kama sisi hatujachora, atatuchora kama walivyotuona wengine. Basi haja ya mkono wetu haikupungua kwa kuja mtambo, imezidi.

Wa nne, ambaye namhofia kuliko wote, atasema kwa upole: "Kuchora ni kupoteza wakati. Mwanangu asome awe daktari." Ndugu yangu, nani amekwambia daktari hahitajiwi? Lakini mtoto wako amejaza pembe za daftari zake kwa samaki, majahazi na makanzu, nawe umemchapa kwa hilo. Dunia ya leo ina kazi zenye mshahara kwa mkono huo. Mwaka 2023 Disney hiyo hiyo ilitoa mkusanyo wa filamu fupi za Waafrika ukaitwa kwa Kiswahili, *Kizazi Moto*, na ndani yake imo kazi ya Ng'endo Mukii wa Kenya na ya Raymond Malinga wa Uganda, aliyeanzisha studio yake mwenyewe Kampala. Hao nao walikuwa watoto waliochora. Jiulize walizazi wao waliwafanya nini hata wakafika huko.

YATUPASAYO

Basi tufanye nini? Sikuandika ili tulie pamoja kisha tuage. Nitataja mambo matatu, na hakuna hata moja linalomshinda mtu wa kawaida.

Kwanza, mjue mwalimu wa mwanao. Kaa naye siku moja mbele ya katuni zake, tangu mwanzo mpaka mwisho. Sikiliza lugha inayosemwa. Tazama nani anayechekwa na nani anayesifiwa, na mtoto anayesema uongo katika hadithi humalizikaje. Ukiona inafaa, iache. Ukiona haifai, izime na umwambie sababu. Kisha mtafutie ile iliyotengenezwa nyumbani kwa lugha yake. Watengenezaji huhesabu watazamaji kama mwenye duka anavyohesabu wateja. Ukitazama kazi ya nyumbani, umeipigia kura.

Pili, ulinde mkono uchorao. Si lazima ununue kompyuta. Karatasi na penseli zatosha, na hata chaki. Wilayani Maswa, mkoa ule ule wa Simiyu, katika miaka ya 2010 vijana walianza kutengeneza chaki wenyewe, zikaandikiwa mashuleni badala ya chaki za kuletwa kutoka nje. Chaki ni kitu kidogo, lakini hao walielewa jambo ambalo wengi hatujalielewa: kilicho kidogo kikitengenezwa nyumbani huwa ni kinu. Walimu wa shule na wa vyuoni, mkiona mtoto ana mkono mwepesi, mpeni nafasi ya kuchora ramani, mimea na majahazi. Na wazee wenye hadithi, zisemeni; kwani mchoraji asiyesikia hadithi atachora nini? Zamani mtoto wa Kisukuma alizipata kwenye moto wa jioni, shikome, na mtoto wa pwani alizipata kitandani kwa bibi yake. Leo shikome imezimwa na bibi ananyamazishwa ili televisheni isikike.

Tatu, na hili ni kubwa zaidi, tujifunze mizani. Kila anayechora, anayeimba au anayesimulia, asitie saini karatasi asiyoielewa. Aulize: Je, nauza picha hii moja, au nauza mtindo wangu wote? Nauza kwa mwaka, au kwa milele? Jina litaandikwa la nani? Kazi ikitiwa lugha nyingine, nami nina fungu? Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Zanzibar na Kenya zina sheria zao na ofisi zake. Mwanasheria wa mtaani kwenu anayekula pilau ya harusi pamoja nanyi, mpelekeeni karatasi aisome kabla ya kalamu kugusa. Na bora kuliko hilo, wachoraji washikane kwa ushirika, kama walivyoshikana wakulima wa pamba. Mtu mmoja mbele ya mizani ya mnunuzi ni mnyonge. Kijiji kizima mbele ya mizani ile ile hakipunjwi.

Ndugu msomaji, nilikuahidi kuwa utaona uhusiano wa Bariadi na katuni, na nadhani umeuona. Wakulima wale wa miaka ya 1950 wengi wao hawakujua kusoma, lakini walielewa kuwa kumlaani mwenye mizani hakuongezi uzito wa pamba. Sisi tunasoma magazeti, tunatumia simu, tunasifiwa kwa lugha yetu dunia nzima, na bado tumekaa tunamlaani mwenye katuni huku mtoto yuko mapajani mwake.

Masala Kulangwa alileta panzi, akaleta ndege, na kila mara akauliza, "Ndiye huyu?" Hakuchoka mpaka akampata mmezaji mwenyewe. Nasi tumekuwa tukimlaumu mara Mzungu, mara Mhindi, mara simu, mara kompyuta. Hao wote ni panzi. Aliyetumeza ni uvivu wetu wa kuridhika kuuza pamba na kununua nguo. Huyo ndiye wa kupasuliwa tumbo, nasi ndio tutakaotoka ndani yake.

Usiku huu, kabla ya kuzima taa, lifungue daftari la mwanao kurasa za nyuma, pale alipodhani hutatazama. Tazama amechora nini. Kisha mwulize hadithi yake.

Wassalaam.